Amplifaya ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alipoteza sauti baada ya kufanyiwa upasuaji wa rovu. Daktari alikuwa amemwonya mapema kwamba hilo laweza kutokea, naye akajibu kwamba heri anyamaze akiwa hai. Rovu liliondoka na kovu likapona vizuri, lakini sauti haikurudi. Kilichobaki ni mnong'ono, wa kusikiwa na mtu aliyeketi naye bega kwa bega, redio ikiwa imezimwa na watoto wakiwa nje.

Mimi si mtu wa kuketi naye bega kwa bega. Mimi ni mkwe. Kwetu Busibwabo na kwao Amukura lugha ni mbalimbali, na hata namna ya kupika mboga tunabishana, lakini kwa jambo la mkwe na mama mkwe hatuna ugomvi: mnaheshimiana kwa mbali. Sishikani naye mkono. Sili naye meza moja. Chumba anacholala sikijui, na nyuma ya nyumba yake, penye bafu la mabati na kamba ya nguo, nilikuwa sijawahi kukanyaga. Vijana wa siku hizi wanatucheka, nami huwaacha wacheke, ila nikifika pale miguu yangu yenyewe inajua pa kuishia. Kwa hiyo tangu apoteze sauti sikuwa nimemsikia tena. Salamu zake zilinifikia kwa mdomo wa mke wangu, nami nikazirudisha kwa njia hiyo hiyo.

Zamani nilimsikia sana. Mama yule alikuwa akimwita mtoto wake, majirani nao wanaitika. Nilipokuja kuposa, nilimsikia kabla sijamwona, akiwafokea kuku jikoni, na nikajiuliza kama nimeingia boma sahihi au nimeingia mkutano wa hadhara. Sasa akitaka mtu alikuwa anagonga kifuniko cha sufuria kwa mwiko. Mke wangu alinisimulia jambo hilo akicheka, halafu akaanza kulia, nami nikamshika.

Kisha shemeji yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, akapata mchumba, na siku ikapangwa ya watu wa upande wa bwana harusi kuja kumchukua. Katika ukoo wao binti haondoki hivi hivi. Mzazi wake husimama mbele ya wageni, akamwambia ya kwenda nayo na ya kuyaacha, akambariki, ndipo atoke. Baba mkwe alikwisha fariki, kwa hiyo kazi hiyo ilikuwa ya mama. Wazee wa ukoo walipendekeza shangazi amsemee. Mama mkwe alimnong'oneza mke wangu jibu lake, na mke wangu akalitangaza kikaoni kama lilivyo: "Mama anasema wakati wa kuzaa hakuwakilishwa na mtu."

Akaongeza kwamba ikiwa hawezi kusikika, siku hiyo atakaa chumbani mwake na mlango ufungwe, na msichana aende. Mke wangu alijua hakuwa anatania. Shemeji naye alijua, akaanza kukonda wiki zile ambazo maharusi wengine wananenepa.

Wajomba walijaribu. Walinunua kile kipaza sauti cha kushika mkononi, cha wauza dawa ya panya. Mnong'ono ukiingia mle unatoka ukiwa kama mtu anapuliza moto wa kuni, na ukiongeza sauti kinapiga mbinja. Mama mkwe alikitazama, akakiweka chini taratibu, asikiguse tena. Ndipo mke wangu aliporudi nyumbani akaniambia, "Baba watoto, wewe si ndiye fundi?"

Ndiye mimi. Nina kibanda Malaba, upande huu wa mpaka, kando ya foleni ya matrela. Natengeneza redio na runinga, lakini mapenzi yangu ni amplifaya. Naziunda mwenyewe, kwa transfoma za mashine zilizokufa na maganda ya deki za video ambazo hakuna anayezitaka. Makanisa ya huku na ya ng'ambo yanazo kazi zangu, na baa kadhaa pia, ingawa hizo sizitangazi mbele ya wakristo. Sina shaka na mkono wangu. Mke wangu husema hilo ndilo tatizo langu.

Lakini kukuza mnong'ono si sawa na kukuza kwaya. Kwaya inakuja na nguvu zake, wewe unaiongezea kidogo tu. Mnong'ono unataka uongezwe mara nyingi mno, na kila kilichomo ndani ya boksi, kila kelele ndogo ya umeme ambayo kwaya ingeifunika, nayo inakua pamoja nao. Nililijua hilo. Nikachagua maikrofoni ndogo ya kubana kwenye kola, karibu na mdomo. Nikachomea kila kiungo kwa uangalifu kuliko kazi yoyote ya kulipwa. Nilipoiwasha kibandani ikanyamaza kimya kabisa, nikanong'ona na sauti yangu ikatoka upande wa pili wa barabara. Dereva mmoja wa trela akageuka kutafuta nani anamsema. Nikafurahi sana. Nikaifuta vumbi, nikamkabidhi mke wangu aipeleke Amukura.

Aliporudi nikamuuliza, "Mama anasemaje?"

"Anasema asante sana. Anasema iko sawa."

"Anaitumia?"

"Si nimekwambia iko sawa."

Mke wangu akirudia jibu, ujue kuna jambo. Nikamfuata hadi jikoni. Nikamfuata hadi kwenye kamba ya nguo. Mwishowe akaweka beseni chini.

"Imefunikwa," akasema.

"Imefunikwa na nini?"

"Kitambaa. Kile cha kusuka cha maua. Iko juu ya kabati, na juu yake mama ameweka picha ya mtoto wetu."

Damu ilinichemka. Nimeunda chombo cha kumpa mtu sauti, kimegeuzwa meza ya picha! Nilisema maneno mengi siku hiyo kuhusu watu wasio na shukrani, na mke wangu akaniacha niyamalize yote, kama anavyofanya siku zote, huku akikunja nguo.

"Inanguruma," akasema nilipovuta pumzi. "Inanguruma kama mashine ya kusaga mahindi. Mama akiongea, yeye hasikiki, inasikika hiyo tu. Lakini ameniambia nisikwambie. Anasema kitu amekuletea mkwe huwezi kukirudisha ukisema ni kibaya. Anasema utaona haya."

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimewahi kuwa na wateja wa kila namna: wanaofoka, wanaotisha kuita polisi, wanaodai nimewaibia spea. Wote hao unaweza kuwasaidia, kwa sababu wanakuambia kinachowauma. Huyu alikuwa tayari kujifungia chumbani siku ya mwanawe wa mwisho kuliko kumwambia mkwe wake kwamba boksi lake lina kasoro. Na mimi, kwa heshima hiyo hiyo, nisingeweza kwenda kumuuliza. Hasira zikaniisha zote. Nilimwonea huruma, na nilimpenda kwa namna ambayo sikuwa nimefikiria kwamba mtu anaweza kumpenda mama mkwe.

Nikamtuma mke wangu akaichukue kwa kisingizio cha kuiongezea kitu, nikairudisha Malaba, nikaiwasha. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya. Mteja mmoja kutoka ng'ambo aliyekuja kuchukua spika za kanisa akainama akasikiliza. "Ssebo bwana, hii iko safi," akasema. "Kama hamtaki, mimi naichukua."

Jumapili, baada ya kanisa, nikaipeleka kwetu Busibwabo. Nikaiweka mezani, watoto wakiwa wameenda kwa nyanya yao na mahindi nje yametulia tuli. Nilipoiwasha tu niliusikia. Nguuuu, mvumo mnene, wa chini, haupandi wala haushuki. Nikageuka kumtazama mke wangu, naye akainua nyusi.

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilicheka mpaka nikashika mbavu. Mvumo ulikuwepo siku zote. Ni Malaba ndiko usikoweza kuusikia. Foleni ya matrela haiishi pale, injini zinanguruma mlangoni pangu kutwa, na sauti yake ndiyo hiyo hiyo nene, ya chini. Masikio yangu yameishi nayo miaka mingi hata yanaihesabu kuwa ndiyo kimya. Nikaanza kujiuliza ni makanisa mangapi yanasali kwa mvumo wangu na yananionea haya kuniambia.

Nikaifungua pale pale mezani. Nilichomoa maikrofoni, mvumo ukabaki. Nikaunganisha tundu la maikrofoni kwa kipande cha waya ili kisiingie kitu kutoka nje, ukabaki vile vile. Basi adui alikuwa ndani ya nyumba. Na nilimpata, na alikuwa mimi. Nyaya za kurudishia umeme, ile ya transfoma, ya kapasita kubwa, ya spika na ya maikrofoni, kila moja nilikuwa nimeifunga kwenye bati la boksi mahali palipokuwa karibu nayo. Kwa amplifaya ya kwaya haina neno. Lakini hapa ule mkondo mzito wa transfoma ulikuwa unapita njia moja na mkondo mwembamba wa maikrofoni, na kuuchafua. Nikazikata zote. Nikazileta kwenye skrubu moja tu, kila waya na njia yake hadi pale, usipite mgongoni mwa mwingine. Nikaigeuza transfoma iangalie upande mwingine. Nikaiwasha, nikasogeza sikio hadi likagusa karatasi ya spika.

Kimya, na safari hii kimya cha kweli, maana nilimsikia jogoo wa jirani.

Mke wangu alikuwa amechukua maikrofoni, akaenda nayo chumbani kadiri waya ulivyoruhusu. Spika ikaninong'oneza sebuleni, laini kabisa, "Baba watoto, unajua leo hujala chochote?" Tumezaa watoto pamoja, lakini uso ulipata moto kama wa kijana.

Tulienda Amukura pamoja siku chache kabla ya wageni. Mimi nikapewa kiti nje, upande wa mbele, chini ya turubai lililokuwa limeanza kufungwa kwa ajili ya sherehe. Mke wangu akaingia na boksi. Nikasikia kabati likisogezwa. Halafu, kupitia dirishani, nikasikia nguuuu.

Sikutaka kuamini. Si ule wa kwanza; ulikuwa mwembamba zaidi, lakini ulikuwepo.

"Inalia," mke wangu akasema dirishani, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba.

"Najua inalia, si nina masikio! Shika bati lake. Weka kiganja chote."

"Nimeshika." Mvumo ukafa. "Imenyamaza!"

"Achilia."

Ukarudi. Nikapumua, kwa sababu hilo lilinijibu. Boksi langu halikuwa na kosa. Lilikuwa linatafuta ardhi, na ardhi pekee iliyopatikana ilikuwa mwili wa mke wangu. Katika kila nyumba yenye umeme kuna chuma kilichopigiliwa ardhini na waya wa kijani unaotoka hapo hadi kwenye soketi. Kwangu kipo, na kibandani kipo. Cha hapa kilikuwa kimekatika mahali.

"Uliza ile fito ya chuma ya umeme iko wapi," nikasema.

Kukawa na kunong'onezana ndani. Mke wangu akarudi dirishani, uso umebadilika. "Iko nyuma," akasema. "Chini ya dirisha la chumba cha mama. Karibu na bafu." Akashusha sauti. "Ndiyo wanafungia mbuzi."

Kumbe watu wote wa boma lile walijua kile ni kigingi cha mbuzi. Fundi wa umeme alikipigilia, mbuzi akaonekana anakihitaji zaidi, na beberu kwa kuvuta kamba mwaka nenda mwaka rudi alikuwa ameung'oa waya wote. Kazi ya kuurudisha ilikuwa ya dakika chache, na ni kazi yangu, lakini ilikuwa mahali pamoja tu katika dunia nzima ambapo sikuweza kwenda. Nilisimama. Nikaketi. Nilifikiri kuomba fundi mwingine, na moyo ukakataa. Nilifikiri kupita tu, macho chini, haraka, maana nani ataniona, nikajua kwamba yeye ataniona, na kwamba hatasema kitu, na kwamba litamkaa moyoni.

Mke wangu akachukua spana kwangu, akaenda kusimama kwenye kona ya nyumba, mahali anapoweza kuniona mimi mbele na kuona nyuma pia. Nilikuwa nimekwisha zima umeme kwenye mita. Nikaanza kumweleza ashike nini, na ghafla akasema, "Ngoja. Mama amechukua spana."

"Amechukua vipi?"

"Amenipokonya. Amepiga magoti. Amemfungua mbuzi." Akaenda kumtegea sikio, akarudi. "Ameshika waya, anauliza unaingia wapi."

"Mwambie aukwangue kwanza ung'ae. Kutu yote itoke."

"Mama, anasema ukwangue ung'ae." Akaenda tena, akarudi. "Anasema ameshakwangua, yeye si mtoto."

Tukaendelea hivyo, maneno yangu yanapinda kona na kwenda, minong'ono yake inapinda kona na kuja, na mke wangu katikati akichoka miguu. Mpaka nikasahau. Nilikuwa katika kazi, na nikiwa kazini sina adabu. Nikapaza sauti moja kwa moja, "Kaza mama! Kaza mpaka isicheze! Halafu mwaga maji hapo chini, udongo ulowane!"

Mke wangu akafumba mdomo kwa mkono. Kwa miaka yote ya ndoa yetu sikuwahi kumwambia mama yake neno moja la amri. Nikatamani turubai liniangukie. Kisha nikasikia maji yakimwagika, mengi, ndoo nzima.

Niliwasha umeme. Mke wangu na mama yake wakaingia ndani. Nikasikiliza dirishani, na sikusikia chochote, hata nikadhani boksi limekufa kabisa. Nikasikia mkwaruzo mdogo wa maikrofoni ikibanwa kwenye nguo. Na halafu sauti, yenye pumzi nyingi, iliyochoka kidogo kingoni, lakini kila neno limesimama wazi. Haikusema haloo wala kupima moja mbili. Ilimwita kitinda mimba kwa jina lake la nyumbani, ikasema, "Wewe, hiyo mboga inaungua."

"Naam mama!" shemeji akaitika kutoka jikoni, upande wa pili wa ua, papo hapo, kama alivyoitika maisha yake yote. Nikasikia sufuria ikiepuliwa. Akatokea mlangoni na mwiko mkononi, akatazama nyumba, akaangusha mwiko, akakimbia ndani. Nilimsikia akilia kupitia spika, kwa sababu alikuwa amemkumbatia mama yake na maikrofoni ikiwa katikati. Mimi nililia pia, pale chini ya turubai, na vijana waliokuwa wakifunga kamba wakajifanya hawaoni.

Siku yenyewe ilikuja na watu wengi, soda nyingi, na hotuba ndefu za wanaume ambao hawakuhitaji msaada wa sauti. Mimi nilikaa nyuma ya spika, mkono kwenye kitufe cha sauti. Mama mkwe alipoinuka, shangazi mmoja akainuka naye, kwa mazoea, na mama mkwe akamketisha kwa kidole. Akasimama mbele ya binti yake, na umati wote ukasikia mnong'ono wake, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Alimwambia mambo ya kwenda nayo na ya kuyaacha. Siyaandiki hapa, ni yao. Akambariki. Shemeji alikuwa amepiga magoti, na mama yake akamwinua mwenyewe.

Nilidhani amemaliza, nikaanza kushusha sauti. Akaniinulia mkono niache. Hakunitazama, alitazama watu.

"Kuna mkwe wangu yuko nyuma ya hiyo spika," akasema. "Huyo mtu nataka kumkumbatia. Na sisi wote hapa tunajua siwezi." Watu wakaanza kucheka. Akangoja wanyamaze. "Kwa hivyo binti yangu mkubwa, simama. Mkumbatie wewe."

Mke wangu akainuka na nguo zake za sherehe, akapita katikati ya wageni, akaja nyuma ya spika, mbele ya wazee, wachungaji na wakwe wapya, akanikumbatia kwa nguvu. Nilipotaka kuachia kwa aibu, akanibana zaidi.

"Bado," akaniambia sikioni. "Mama bado hajaachia."